Shajara ya benki ya hamira: kuhifadhi na kugawana koo adimu za hamira ya bia, Bergen

Shajara hii inafuata kazi ya kikundi kidogo cha wapika bia wa nyumbani mjini Bergen, magharibi mwa Norwei, waliokubaliana kuhifadhi kwa pamoja hamira ambazo maduka hayauzi, au huziuza kwa msimu tu, na kugawiana bila malipo. Ninaiandika kwa Kiswahili kwa sababu miongoni mwa wanaoniomba maelezo wamo wapishi wa Afrika Mashariki ambao kwao hata hamira ya kawaida ya bia ni adimu, na kazi yenyewe inaweza kunakiliwa popote penye sufuria ya presha na mtu mwenye subira. Hatua za kawaida nimezifupisha. Palipoharibika nimeeleza kwa kirefu. Bei zote ni za krona za Norwei.

9 Septemba 2023: Tulichonacho

Kabla ya kununua chochote tulikusanya hamira zote zilizokuwa katika majokofu yetu na kuziorodhesha. Zilikuwa za aina tatu. Kwanza ni kveik, hamira za mashambani ambazo familia za Voss, Hardanger, Nordfjord na Sunnmøre zimerithishana pamoja na sufuria na mapipa yao. Pili ni hamira zilizofufuliwa kutoka katika mashapo ya chupa za bia za Ubelgiji na Uingereza. Tatu ni zile za kampuni zinazotolewa kwa msimu mfupi, ambapo anayeukosa msimu hana budi kungoja mwaka mzima.

Kveik ndizo zilizotufanya tuanze. Zamani mpishi wa shambani alichovya gogo lililotobolewa matundu, au pete iliyoungwa kwa vipande vya mti, ndani ya bia inayochacha, akalianika na kulitundika hadi upishi unaofuata. Gogo hilo huitwa kveikstokk. Hamira yake ikiharibika alikwenda kwa jirani akapewa nyingine, ambayo pengine ilikuwa imetoka kwake mwenyewe miaka kadhaa nyuma. Nyumba zilipoacha kupika, majirani wa kuombwa nao walipungua, na koo nyingi zikapotea pasipo mtu kutambua. Zilizosalia zilianza kujulikana nje ya mabonde yake katika muongo uliopita, hasa baada ya mtafiti Lars Marius Garshol kuzifuatilia shamba kwa shamba, kuandika namna zinavyotumiwa na kuzipa namba: namba 1 ni ya Sigmund Gjernes wa Voss, na namba 5 ni ya Hornindal. Mwaka 2018 Richard Preiss na wenzake, Garshol akiwa mmoja wao, walichapisha uchunguzi wa jeni ulioonyesha kwamba kveik ni kundi la pekee ndani ya Saccharomyces cerevisiae, spishi ileile inayoumua mkate.

Kwa upande wa sheria, Norwei humruhusu mtu kupika bia nyumbani kwa matumizi yake, humkataza kuiuza bila leseni, na hukataza kunereka pombe kali nyumbani. Sisi tunagawa hamira tu. Tulikubaliana pia kwamba hamira zilizobadilishwa kijeni na zile zinazouzwa kwa masharti ya hataza hazitaingia katika benki, na kwamba hamira ya shamba haitagawiwa kabla mwenye shamba hajaulizwa. Bajeti ya mwaka wa kwanza ni krona 2,500, mchango wa wote.

1 Oktoba 2023: Mirija ya agari, na ukungu wake

Mapishi yake ni ya kawaida. Gramu 50 za unga wa kimea na gramu 10 za agari, unga wa mwani unaogandisha maji, huchemshwa katika nusu lita ya maji, humiminwa katika mirija ya kioo yenye vifuniko vya kusokota hadi kufikia theluthi moja, hupikwa kwa presha, kisha mirija hulazwa kwa mshazari ili agari igande na kuacha uso mpana wa kupandia. Hamira hupandwa kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa motoni hadi kikawa chekundu na kuachwa kipoe.

Zaidi ya nusu ya mirija ya awamu ya kwanza iliota ukungu wa kijani au madoa ya manjano yanayong'aa, ambayo si hamira. Tulishuku hewa ya jikoni, tukafunga madirisha na kuzima feni ya jiko, lakini awamu iliyofuata haikuwa na nafuu kubwa. Chanzo kilikuwa katika sufuria. Maabara huua vimelea kwa nyuzi 121 za Selsiasi, joto linalofikiwa kwa presha ya takribani baa moja zaidi ya presha ya hewa ya kawaida. Sufuria yetu, iliyonunuliwa mtumba, ina ngazi mbili za presha, na ile ya chini, ambayo ndiyo tuliyoitumia, haifikishi hata nyuzi 115. Joto hilo huua hamira na ukungu wenyewe, lakini spora za baadhi ya bakteria hulistahimili, na ndizo zilizochipuka kama madoa ya manjano. Ukungu ulikuwa na njia yake: mirija ilipoozwa haraka chini ya bomba, ikavuta hewa ya jikoni kupitia vifuniko ambavyo vilikuwa vimelegezwa.

Marekebisho yalikuwa haya. Tunatumia ngazi ya juu kwa dakika 45, badala ya 20 zinazotajwa kwa vyombo vya maabara, kwa kuwa hata ngazi hiyo haifiki kikamilifu nyuzi 121. Sufuria huachwa ipoe yenyewe bila kufunguliwa. Mirija mitupu hukaa wiki nzima katika chumba chenye joto kabla ya kupandwa chochote, na wowote unaoota kitu hutupwa. Hatua hii ya mwisho haigharimu hata senti moja, na ndiyo ningeishikilia kama ningelazimika kuacha nyingine zote.

Gharama hadi hapa: sufuria 400, mirija 310, agari na unga wa kimea 240, taa ya spiriti na waya 130.

19 Novemba 2023

Awamu mpya ni safi. Koo zote za kwanza zimepandwa, zimekua kwa siku chache kwenye joto la chumba, na sasa ziko katika jokofu kwa nyuzi 4. Zitapandwa upya kila baada ya miezi sita hivi.

14 Januari 2024: Kukausha kveik

Mirija ya agari inafaa kwa mtunzaji, lakini haifai kwa bahasha. Kwa kugawana tulitaka magamba makavu, kama wafanyavyo wenye mashamba. Si kila hamira ya bia inayokubali kukaushwa nyumbani, nyingi hufa. Kveik hustahimili vizuri, na moja ya sababu zilizoonyeshwa katika maabara ni kwamba hujilimbikizia kwa wingi trehalosi, sukari inayokinga utando wa seli inapokauka au kupata joto kali.

Jaribio la kwanza tulilifanya kwa wingi mno. Mashapo mazito yalimwagwa juu ya karatasi ya kuokea kwa unene wa karibu nusu sentimita, yakaachwa ndani ya jiko la umeme lililozimwa huku taa yake ikiwaka. Yaliganda juu na kubaki mabichi chini, na kufikia kesho yake yalikuwa na harufu ya siki. Jaribio la pili lilitumia mashine ya kukaushia matunda ambayo kipimo chake kiliandikwa nyuzi 35. Kipimajoto tulichoweka kwenye trei kilisoma 47. Magamba yalitoka mazuri kwa macho, lakini yalipotiwa katika maji ya kimea hayakuamka hadi siku ya tatu.

Utaratibu tunaoufuata sasa ni kumwaga kwanza bia yote iliyo juu ya mashapo, kutandaza kwa kijiko safu isiyozidi milimita mbili, na kupuliza hewa kwa feni ndogo ndani ya sanduku lililofunikwa kwa kitambaa safi, kwa nyuzi 30 hadi 35 zilizopimwa kwenye trei yenyewe. Yakiwa tayari huvunjika kwa sauti kama papadi. Yakipinda tu bado yana maji. Hufungwa katika mifuko ya foili pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, na huwekwa katika friza. Kijiko kimoja cha chai kinatosha lita 20.

Jambo moja wageni wa hamira hizi hulipuuza: baadhi ya mashamba huvuna kveik kutoka juu, katika povu, na mengine huvuna chini, katika mashapo, na kila shamba lina saa yake ya kuvuna. Ukivuna kinyume na desturi ya shamba husika unachagua seli tofauti na zile walizozichagua wao kwa vizazi, na baada ya mapishi kadhaa utakuwa na hamira nyingine yenye jina lilelile. Kwa hiyo kila kifurushi chetu kina maagizo ya mahali na wakati wa kuvuna.

3 Machi 2024: Maji matupu

Kwa hamira zisizokubali kukaushwa, hasa za Kiingereza, tumeanza kutumia maji yaliyotoneshwa na kupikwa kwa presha. Mbinu hii ilielezwa mwaka 1939 na Aldo Castellani kwa ajili ya kuvu wanaosababisha magonjwa. Huyu ni daktari wa Kiitaliano aliyepelekwa Entebbe mwaka 1902 kuchunguza ugonjwa wa malale, na kazi aliyoifanya huko ilichangia kutambuliwa kwa kimelea chake. Nilipokuta jina lake katika maelezo ya wapika bia nilidhani ni mwingine.

Mantiki ya mbinu ni kwamba seli zilizowekwa katika maji yasiyo na chakula hutulia na kukaa hai kwa muda mrefu bila kuzaana, hivyo hazipati nafasi ya kubadilika. Wengine hutia gramu 9 za chumvi isiyo na madini ya joto kwa lita. Sisi tumejaribu yote mawili na hatujaona tofauti ya kutosha kuhalalisha kazi ya ziada.

Kilichoharibu chupa zetu za mwanzo kilikuwa chakula kilichoingia pamoja na hamira. Wenzetu wawili walichukua seli moja kwa moja kutoka kwenye ndoo ya kuchachushia, pamoja na matone ya bia, na chupa zao zilijaa gesi ndani ya wiki. Sasa seli huchukuliwa juu ya agari tu, kiasi cha kichwa cha kiberiti, pasipo kukwangua agari yenyewe, na maji yakigeuka mazito kama ya mchele baada ya siku chache chupa hiyo hurudiwa.

Gharama: chupa ndogo 180. Maji yaliyotoneshwa ni ya dukani, yale ya betri na pasi, na hayana neno.

26 Mei 2024: Voss mbili

Vifurushi viwili vilivyoandikwa "Voss" vilipikiwa maji ya kimea yaleyale, siku ileile, kwa nyuzi 38, na vikatoa bia mbili. Moja ilikuwa na harufu ya ganda la chungwa iliyotarajiwa. Nyingine ilikuwa na chungwa hilo pamoja na uzito wa viungo ambao hatukuweza kuutaja kwa jina moja. Kwa kuuliza tuligundua kwamba cha kwanza kilitokana na hamira ya kampuni, yaani ukoo mmoja uliotengwa na kukuzwa peke yake, na cha pili kilitoka shambani, ambako kveik huwa mchanganyiko wa koo kadhaa zinazoishi pamoja. Hakuna kilichokuwa kibaya kati ya hivyo viwili, lakini aliyepika akidhani anatumia kimoja kumbe anatumia kingine hana njia ya kujifunza chochote kutokana na bia yake.

Tangu sasa jina peke yake halikubaliki. Kila kifurushi na kila mrija una namba yetu, na daftari lina mistari inayoeleza ulikotoka, aliyeutoa kwanza, namba ya Garshol kama ipo, kama ni mchanganyiko au ukoo mmoja, mara ngapi umepandwa upya tangu ulipoingia, na bia ya mwisho iliyopikwa nayo. Hamira iliyokuja bila historia huingia kwa alama ya kuuliza na haigawiwi hadi ijulikane. Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba tunageuza starehe kuwa urasimu wa bandarini. Ana haki ya kulalamika, na vifurushi vyake vyote vilivyokuwa na alama ya kuuliza bado vinayo.

Katika upishi huo pia tulithibitisha jambo linalowasumbua wanaoanza na kveik. Hamira hizi zimezoea maji ya kimea mazito, yenye msongamano wa 1.070 na zaidi (maji matupu ni 1.000). Bia nyepesi ya 1.040, hasa iliyotiwa sukari nyeupe, ilidumaa nusu njia hadi tulipotia chakula cha hamira. Joto halikuwa tatizo, ingawa ndilo tulilolishuku kwanza.

8 Septemba 2024: Chupa zinazofoka

Katikati ya kiangazi bia ya mwenzetu mmoja, iliyopikwa kwa hamira ya Kiingereza kutoka benki, ilianza kufoka kila chupa ilipofunguliwa. Chupa moja ilipasuka kabatini. Tukio hili limechukua miezi miwili ya uchunguzi na limebadilisha kanuni zetu kuliko jambo lolote lililotangulia, kwa hiyo nalieleza kikamilifu.

Tulianza na usalama. Chupa zilizobaki zilipoozwa hadi karibu na kuganda, zikafunikwa taulo nene, na vizibo vikalegezwa na mtu aliyevaa miwani ya kinga na glavu. Bia ilipopimwa ilikuwa na msongamano wa 1.005. Ilipowekwa chupani, kwa mujibu wa daftari, ilikuwa 1.012 na ilikuwa imetulia kwa siku kadhaa. Kila pointi mbili (yaani 0.002 ya msongamano) zinazoliwa ndani ya chupa huongeza takribani ujazo mmoja wa gesi, yaani gesi yenye ujazo sawa na bia yenyewe, na bia ya kawaida ina ujazo wa kama mbili na nusu. Hesabu hiyo inatosha kueleza kabati lililolowa.

Kulikuwa na washukiwa wawili. Bakteria wangeweza kuendelea kula, lakini bia haikuwa chachu. Mshukiwa wa pili ni Saccharomyces cerevisiae var. diastaticus, hamira yenye jeni iitwayo STA1, inayotoa kimeng'enya cha kuvunja dekstrini, zile sukari ndefu ambazo hamira ya kawaida huziacha zikaipa bia mwili. Huila pole pole, hata baada ya bia kuonekana imetulia. Si ugonjwa, hamira nyingi zinazopendwa za bia ya saison ya Ubelgiji zina tabia hiyo, na ndiyo huwapa saison ukavu wao. Hatari huja inapoingia mahali isipotarajiwa, kwa maana seli chache zinatosha.

Kipimo cha maabara kipo, lakini cha nyumbani kinatosha. Tulitengeneza maji ya maltodekstrini, unga unaouzwa kwa wanamichezo na kwa wapika bia, yenye msongamano wa 1.030 pamoja na chakula cha hamira, tukayapika kwa presha na kuyagawa katika chupa ndogo zenye vizibo vya kupumulia. Hamira ya kawaida hula kiasi kidogo tu cha sukari fupi iliyomo na kuacha. Hamira ya diastaticus huendelea. Tulipima baada ya wiki moja na baada ya wiki nne, kwa joto la nyuzi 25, tukiwa na chupa moja isiyotiwa hamira na nyingine iliyotiwa saison tuliyoijua, ili tuwe na pande mbili za kulinganisha.

Matokeo yalitushangaza kwa namna yake. Mrija wa mama wa hamira ile ya Kiingereza, yaani mrija wa agari wa benki tunakotoa nakala, ulikuwa safi. Mashapo aliyopewa mpishi yalikuwa na diastaticus. Diastaticus haikutoka kwenye mrija. Ilitoka kwenye ndoo ya mwanachama aliyekuwa amepika nayo na kumgawia mwenzake mashapo yake, na ndoo hiyo, pamoja na mpira wa plastiki wa kuhamishia bia, ilikuwa imetumika kwa saison majira ya kuchipua. Plastiki yenye mikwaruzo huficha seli ambazo dawa ya kusafishia haizifikii.

Kanuni mpya ni tatu. Kinachogawiwa kwa jina la benki hutoka kwenye mrija wa mama au kwenye magamba yaliyopimwa, na mashapo ya siku ya upishi hubaki baina ya marafiki wanaojua hatari yake. Kila hamira mpya, hata ya dukani, hupitia kipimo cha maltodekstrini kabla ya kupewa namba. Zenye diastaticus hufungwa utepe mwekundu, hutunzwa katika sanduku lake, na anayezichukua hukubali kuwa na mpira na bomba la kutilia chupani la peke yake. Brettanomyces tuliyoifufua kutoka katika chupa ya Orval, bia ya watawa wa Ubelgiji ambayo hutiwa hamira hiyo makusudi, imewekwa katika sanduku hilohilo kwa sababu zinazofanana.

Gharama: maltodekstrini 90, vizibo vya kupumulia 120, mipira mipya ya wanachama 350. Kabati ni la mwenyewe.

1 Desemba 2024: Friza

Tangu masika tulikuwa na nakala ya akiba ya kila ukoo katika friza langu, ndani ya gliserini ya asilimia 20 ambayo huzuia fuwele za barafu kupasua seli. Maandalizi hayakuwa na tatizo: gliserini ya asilimia 40 iliyopikwa kwa presha, kiasi sawa cha hamira nene, usiku mmoja katika jokofu, kisha friza kwa nyuzi 18 chini ya sifuri.

Vichupa vilipokaguliwa kwa hadubini na methilini bluu, ambayo huzipaka rangi seli zilizokufa na kuziacha zilizo hai bila rangi, uwanja karibu wote ulikuwa wa bluu. Friza lenyewe ndilo lililoua. Ni la aina isiyoganda barafu ukutani, na hujisafisha kwa kupasha joto kuta zake mara kwa mara. Nyama haioni madhara, lakini kichupa cha mililita mbili hupanda na kushuka joto kila inapotokea, na gliserini haiwezi kukilinda dhidi ya hali hiyo inayojirudia kwa miezi.

Kveik zote zilirudi, kwa kuwa kila moja ilikuwa katika nyumba nyingine mbili angalau, na moja ilirudishwa na mzee wa Voss aliyekuwa ameitoa, akashangaa kwamba tuliihifadhi kwa njia ngumu hivyo. Hamira za Kiingereza zilipatikana katika chupa za maji, isipokuwa moja. Hiyo ilifufuliwa kutoka katika chupa ya kiwanda ambacho sasa kimefungwa, ilikuwa haijapelekwa kwa mtunzaji wa pili, na mrija wake wa agari ulikuwa umekauka. Imepotea.

Tumenunua sanduku la povu na kulijaza barafu bandia, vichupa vikiwa katikati, na kuliweka katika friza la kifuniko cha juu la mwanachama mwingine, ambalo halina mfumo huo wa joto. Gharama ni 160. Zaidi ya hapo, hamira isiyokuwa na watunzaji watatu sasa haiandikwi kuwa "imehifadhiwa" katika daftari. Huandikwa "ipo kwa fulani".

16 Februari 2025: Seli moja au jamii nzima

Mwanachama mmoja alipendekeza tusafishe kveik za mashamba kwa kupanda kwenye sahani ya petri, kuchagua kikoloni kimoja (kundi lililozaliwa na seli moja) cha mviringo mzuri, na kugawa hicho. Hoja yake ina historia ndefu nyuma yake: tangu Emil Christian Hansen alipotenga hamira safi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen mwaka 1883, viwanda vimepata bia isiyobadilika kutoka pipa hadi pipa, na Carlsberg haikuificha hamira hiyo, iliigawa kwa wengine.

Tulijaribu. Kutoka katika kveik moja ya Nordfjord tulitenga vikoloni kadhaa na kupika navyo sambamba na mchanganyiko asilia. Bia za vikoloni zilichacha vizuri, lakini kimoja kilitoa harufu ya nanasi bila kushuka chini vya kutosha, kingine kikavu kisicho na harufu, na hakuna kilichorudisha bia ya shambani. Kwa upande mwingine, mchanganyiko asilia ulikuwa na bakteria pia, jambo ambalo limeonekana katika baadhi ya kveik za mashamba, na bia isiyotiwa hopsi ya kutosha, yale maua yanayoipa bia uchungu na kuzuia bakteria, ilianza kuchachuka baada ya mwezi. Wenye mashamba hunywa bia yao mapema na haliwasumbui.

Tumeamua kuhifadhi jamii nzima, kwa magamba makavu, na kuviweka vikoloni kando kwa namba zao wenyewe. Mtu aliyekulia Kilimanjaro hatashangazwa na uamuzi huu, kwa kuwa mbege, pombe ya ndizi ya huko, nayo huchacha kwa jamii ya vimelea inayopita kutoka upishi mmoja hadi mwingine kupitia vyombo. Kveik ya shambani haipandwi kabisa kwenye agari kwa ajili ya kugawa, maana kila upandaji huchagua baadhi na kuwaacha wengine.

27 Aprili 2025: Bahasha, na joto la pwani

Ndani ya Norwei bahasha hufika bila tatizo: gramu mbili za magamba, foili mara mbili, karatasi ya maelezo. Nje ni kazi nyingine. Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya, hivyo hata kifurushi kidogo huhitaji tamko la forodha, na unga wa kahawia uliofungwa kwa foili bila maelezo huwafanya maafisa wafikirie mengine kabisa. Bahasha za kwanza zilirudi zikiwa zimefunguliwa, magamba yamemwagika. Tangu tuanze kuandika kwa ukamilifu "hamira kavu ya kupikia bia, sampuli isiyouzwa", pamoja na jina la spishi na uzito, hazijarudi. Hamira ya majimaji hatuitumi tena; chupa moja ilipasuka njiani na kuharibu barua za watu wengine.

Maombi kutoka Afrika Mashariki hatujayatimiza kwa posta. Vimelea hai vinaweza kuhitaji kibali cha kuingizwa nchini, na kupika pombe nyumbani kuna sheria zake kila nchi. Anayeomba aulize kwanza mamlaka za kwao. Hamira kavu ya aina ya Voss inauzwa sasa na kampuni kwa pakiti, ukoo mmoja uliotengwa, na kwa mtu wa Tanga au Mombasa hiyo ni njia nyepesi zaidi. Itiwe katika maji ya kimea yenye nyuzi 30 hadi 38, ambazo huko hazihitaji jokofu wala kifaa cha kupoozea, msongamano usiwe chini ya 1.050 au kitiwe chakula cha hamira, na ivunwe, ikaushwe na kufungwa kama ilivyoelezwa katika ingizo la Januari 2024, kwa tahadhari moja zaidi: hewa ya pwani ina unyevu mwingi, hivyo magamba yasikaushwe kwa hewa ya dirishani. Yakaushwe ndani ya sanduku lenye feni na silika nyingi, na silika hiyo ikaushwe upya jikoni kabla ya kila matumizi.

Jumla ya matumizi tangu mwanzo ni krona 1,980, bila kuhesabu hadubini, ambayo ni ya mwanachama, wala stempu, ambazo kila mpokeaji hulipa mwenyewe.